Kikopo cha Mafuta cha Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuwa na uwezo wa kuona pindo lililokwenda upande akanyamaza. Umesimama zako benki kwenye foleni, unawaza mambo yako, mara unasikia mtu nyuma yako anakwambia kwa upole kabisa, "Samahani dada, sketi yako imeshuka kidogo upande wa kulia." Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Watu walinuna, halafu kesho yake wakampelekea sketi. Ndivyo alivyopata wateja, na ndivyo alivyokaa miaka kumi na minne nyuma ya cherehani ya mama yake, katika chumba chenye dirisha la barabarani, kioo kirefu, na pazia la kubadilishia nguo.

Mama yake ndiye aliyemfundisha kazi, na mama huyo alikuwa na sheria zake, usicheze. Sheria ya kwanza ilihusu mafuta. Kila asubuhi, kabla hujagusa nguo ya mtu, unachukua kikopo chenye mdomo mrefu unatia tone mojamoja katika kila tundu la cherehani. Halafu unachukua kipande cha kitambaa cheupe unakishona bure, mbele na nyuma, mpaka kisitoke na doa hata moja. Hapo ndipo unapoanza kazi. "Mafuta huyaoni kwa macho, mwanangu," mama alikuwa akimwambia. "Kiulize kitambaa." Mama Pindo alifanya hivyo kila siku ya Mungu, mpaka mkono ukazoea kufika kwenye kikopo kabla yeye mwenyewe hajaamka vizuri.

Shuleni alikuwa moto wa fizikia. Mwalimu wake alifunga safari hadi nyumbani kuomba aendelezwe. Mama alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akasema, "Fizikia haivaliwi." Mjadala ukafungwa. Tusimlaumu, alikuwa na watoto watano na cherehani moja. Binti akameza fundo lake, akashika mkasi, na kusema kweli kazi ile aliipenda. Ila alichokipenda zaidi zilikuwa siku ambazo cherehani inaharibika. Siku hizo alifunga mlango, akaifungua skrubu kwa skrubu, akapanga vyuma mezani, na ungemsikia anaimba. Washonaji wengine wakajua, wakawa wanamletea za kwao. Mumewe, dereva wa lori asiyeishiwa maneno, alisema ameoa mwanamke anayeshangilia mikosi ya watu.

Basi siku moja akaitwa hospitali kupima madirisha ya wadi ya watoto, yashonewe mapazia mapya. Yuko juu ya stuli, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, akasikia mashine inalia kwenye korido. Ilikuwa mashine ya kuvuta makohozi, imebandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Mzee mmoja wa ovaroli ya kijivu alikuwa amechuchumaa mbele yake, anaiwasha, anaizima, anaiwasha tena. Huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa vifaa vya hospitali. Wauguzi walimwita Ngoja Kwanza, kwa sababu maneno yake yote yalianzia hapo. Ukimwambia umeme umekatika, ngoja kwanza. Ukimwambia chai iko tayari, ngoja kwanza.

"Mzee, samahani," Mama Pindo akasema na pini zake mdomoni. "Mota iko sawa. Ndani kuna mkanda umelegea."

"Ngoja kwanza," mzee akajibu bila kugeuka. Akafungua kifuniko, akaingiza kidole, mkanda ukacheza huku na huku. Akarudisha kifuniko. Kisha akageuka. "Umesomea wapi?"

"Sijasomea popote. Nashona mapazia."

"Na umejuaje?"

"Cherehani yangu ikilegea mkanda inalia hivihivi."

Mzee akamtazama kutoka miguuni mpaka kwenye utepe wa shingoni, akasema neno moja tu lililomkosesha usingizi wiki mbili nzima.

"Kasome."

Wee, yeye wa kusoma na umri ule? Ana mume, ana binti wa kidato cha tatu, ana wateja. Alilizungusha kichwani, akalipinga, likarudi. Mwishowe akapiga moyo konde. Ilimbidi kwanza arudie mitihani ya hesabu na fizikia, na mwalimu wake akawa binti yake mwenyewe, ambaye alikuwa na visasi vya miaka mingi vya kulipa. "Mama, alama ya kutoa umeisahau tena," alimwambia, mikono kiunoni, sauti ileile ya mama ya "vyombo hujaosha tena". Mama Pindo alifuta na kuanza upya. Alifaulu hesabu kwa kubahatisha na fizikia kwa kishindo.

Siku ya kwanza ya chuo cha ufundi alichelewa kidogo. Alipofungua mlango darasa zima likasimama na kuamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia marahaba, akawaambia wakae, akatembea taratibu hadi dawati la mwisho, naye akaketi akafungua daftari. Wakamtazama, wakatazamana. Halafu vijana wakavunjika mbavu, na yeye akacheka kuliko wote. Kwa miaka miwili na nusu hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mwalimu.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake. Hakugomba, na afadhali angegomba. Siku binti yake alipofunga duka, mama aliihamishia cherehani nyumbani kwake, akaiweka sebuleni, akaifunika kwa shuka safi la bluu. "Sikukatazi," alisema. "Nimekufunikia tu. Ukichoka utaikuta." Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Kila Jumapili Mama Pindo alipokwenda kumsalimia alilikuta shuka lile limenyooshwa vizuri, linamsubiri ashindwe.

Akahitimu akiwa na miaka thelathini na nane. Hospitali ileile ikampokea kwa majaribio ya miezi sita, chini ya Ngoja Kwanza. Nafasi ilikuwa moja. Mwezi wa sita ukiisha, kikao cha daktari mkuu kingeamua aajiriwe au aende zake, na kwa umri wake hakujidanganya kwamba kuna hospitali nyingine ingemwita. Akikosa hapo, ni shuka la bluu.

Lakini jamani, miezi ile. Aliamka kabla ya saa ya kengele. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu nyuma ya chumba cha kufulia, chenye meza mbili, rafu za chuma, na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, na yeye aliona hakuna mahali pazuri zaidi duniani. Alitengeneza mizani ya watoto, taa za chumba cha upasuaji, mashine za presha. Kuna asubuhi moja alirudisha wadi ya watoto mashine ya oksijeni iliyokaa mwaka mzima haifanyi kazi. Sista mkuu wa wadi ile, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye mikono inayonukia mafuta ya waridi kwa sababu ya kuyapaka kila baada ya kunawa, akamwekea mtoto mmoja mpira puani. Wakasubiri wote wawili. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu, ikaanza kurudi rangi yake taratibu. Mama Pindo akatoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta, akalia na kucheka kwa pamoja. Mfagiaji aliyekuwa akipita alimuuliza kama amefiwa. Akajibu, "Hapana, nimefurahi," na mfagiaji akaendelea na njia yake.

Tabia moja tu ya dukani hakuiacha. Mfuko wa kulia wa ovaroli ulikuwa na kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu, na wa kushoto ulikuwa na vipande vya kitambaa cheupe. Ngoja Kwanza aliviona, hakumkataza. Mashine nyingi zinahitaji mafuta, na mkono wa Mama Pindo ulikuwa mwepesi.

Ila kuna kifaa kimoja ambacho hakitakiwi kuona mafuta hata kwa bahati mbaya. Ni kile kichwa cha shaba kinachofungwa juu ya mtungi wa oksijeni, chenye geji mbili za duara, mafundi wanakiita rejuleta. Oksijeni ikitoka mtungini kwa nguvu ikakutana na tone la mafuta, inaweza kuwaka palepale, mbele ya uso wa mtu. Mama Pindo alilijua hilo. Aliliandika kwenye daftari la chuo akalipigia mstari mara mbili, na kwenye mtihani alilipatia alama zote.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, siku tatu kabla ya kikao, ikaja rejuleta kutoka wadi ya watoto. Nati yake ilikuwa ngumu, inakataa kuzunguka. Alikuwa anafikiria kitu kingine, nadhani kikao hichohicho. Akaisafisha, akaijaribu, bado ngumu. Akaijaribu tena, mara hii ikazunguka. Akaiweka kwenye sinia la vilivyokwisha kutengenezwa, akajisuuza vidole harakaharaka, akaenda kula.

Alikuwa amekaa na mkate wake umefungwa kwa karatasi nyeupe. Alipouvunja, kidole gumba kikaacha doa kwenye karatasi, doa la duara, linalopitisha mwanga. Akalitazama. Kisha akagusa mfuko wa kulia. Mdomo wa kikopo ulikuwa na unyevu.

Mkono haukumuuliza. Uliona nati ngumu ukafanya kama ulivyofundishwa.

Aliporudi karakana, kwenye sinia hapakuwa na kitu, Sista amekwishakuja kuchukua. Mama Pindo alikimbia. Mwanamke mzima na ovaroli yake, akakata korido ya kufulia, akapita wagonjwa wa nje, akakanyaga sakafu iliyolowa nusura aanguke. Alipoingia wadini, Sista alikuwa amekwisha kuifunga rejuleta kwenye mtungi mpya, na mkono wake uko juu ya koki.

"Sista," akasema, na sauti ilitoka chini kuliko alivyotarajia. "Toa mkono hapo kwenye koki."

Sista akautoa. Mtoto wa kitanda kile alikuwa bado anapumulia mtungi wa jana, uliobaki robo, salama kabisa, anachezea vidole vyake. Mama Pindo akaifungua rejuleta, akaikumbatia kifuani. "Kuna kitu nimekosea," akasema. "Nakuletea nyingine sasa hivi."

Alimletea nyingine. Kisha akaanza kurudi karakana, na safari hii alitembea. Ni mwendo wa dakika tatu, lakini shetani hahitaji hata moja. Hakuna aliyeona. Sista hajui ni kosa gani. Unaosha, unakausha, unarudisha kwenye rafu, Ijumaa unaingia kikaoni unatabasamu. Nani angejua? Alifika mlangoni jibu hilo liko tayari mdomoni, limenyooka vizuri. Akamwona mzee ameinamia mashine, kiinua mgongo chake kimekaribia, hajawahi kumdanganya hata siku moja. Likamkwama.

"Mzee, nimetia mafuta kwenye rejuleta. Imefika wadini. Imefungwa kwenye mtungi. Nimewahi kabla haijafunguliwa."

"Ngoja kwanza," Ngoja Kwanza akasema, na mara hii akavua miwani. Akaichukua rejuleta, akaigeuza. Akafungua daftari la ajali na makosa, akaandika mistari minne, akamgeuzia asaini. Akasaini. 

"Wengine huwa wanaosha wakanyamaza," mzee akasema.

"Mimi pia nilitaka."

Mzee akafunga daftari. Mama Pindo angeweza kuishia hapo, akajifuta machozi na kungoja Ijumaa. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshika kitu kingine. "Mzee, kama mkono wangu umefanya bila kuniuliza, mikono ya wengine je? Hizi nyingine tunajuaje ni safi?"

"Nazikagua kila wiki."

"Kwa kutumia nini hasa, kifaa gani?"

"Kwa macho."

"Mafuta huyaoni kwa macho, Mzee," akasema, akajishtukia, maana ilikuwa sauti ya mama yake tupu. Akaingiza mkono mfuko wa kushoto akatoa vile vipande vyeupe.

Walizikusanya rejuleta zote za akiba, ishirini na sita. Akafuta nati na mdomo wa kila moja kwa kipande chake, akavipanga mezani kwenye mwanga wa dirisha. Kumi na saba vilitoka safi. Tisa vilikuwa na doa. Na doa lile halikuwa la mafuta yake ya cherehani, ambayo ni mepesi, hayana rangi. Hili lilikuwa zito, la manjano kidogo. Ngoja Kwanza akakinusa kimoja, akamsogezea. Waridi.

Sista alipoitwa na kupewa kitambaa, alikinusa, akanusa mkono wake, akakinusa tena. Akatafuta kiti. Miaka yote nati zikikaza alizipaka kidogo mafuta ya mikono, zikalegea, na kwa roho nzuri akawafundisha wauguzi wengine ujanja huo. "Na mimi ndiye ninayewapigia kelele wasivute sigara karibu na mitungi," alisema. Ngoja Kwanza alitikisa mabega, na ilichukua muda Mama Pindo kuelewa kwamba anacheka. Kisha mzee akaacha, kwa sababu zile tisa zote yeye ndiye aliyezipitisha.

Waliosha mpaka vidole vikakunjamana: sabuni na maji ya moto, spiriti, kukausha, kitambaa. Doa likitokea, unarudia. Mchana wa Jumatano mzee akainua kipande kimoja, akakitikisa, nyuzi zikadondoka. "Ngoja kwanza. Uzi nao unaungua. Hivi vinatakiwa vipindwe pande zote."

Kupinda. Kati ya watu wote, aliambiwa yeye. Lakini hakuwa na cherehani tena, basi jioni ile alikwenda kwa mama yake na bunda la kitambaa kwapani.

"Naomba unipindie vipande mia, mama."

"Vya nini?"

Akamweleza yote. Mafuta, mkate, kukimbia, daftari, kikao cha Ijumaa ambacho huenda kikamwondoa. Hakuacha kitu. Mama alisikiliza huku amekaa karibu na shuka lake la bluu, mkono umeshika tama.

"Ulikimbia mwenyewe?" aliuliza mwishoni.

"Nilikimbia."

"Na ukasema mwenyewe?"

"Nilisema."

"Acha hapo," mama akasema, akionyesha meza.

Ijumaa kikao kilikaa saa nne asubuhi. Daktari mkuu, mwanamke mkavu asiyependa hadithi ndefu, alikuwa na daftari la ajali mbele yake. "Ni wewe uliyetia mafuta?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Mkono ulinitangulia. Sasa rejuleta naishika kwa glovu, na mfuko wa mafuta nimeushona, haufunguki mpaka niufumue." Akauonyesha. Umeshonwa kwa uzi mwekundu, na hata mahali pale mishono ilikuwa imenyooka.

"Na ni wewe uliyeona zile tisa?"

Kabla hajajibu, Ngoja Kwanza akasimama. Wote wakasubiri maneno yake ya kawaida. "Tisa hizo nilizikagua mimi," akasema moja kwa moja. "Kila wiki, kwa miaka. Kama leo ni siku ya kumwondoa mtu, anzeni na mimi. Yeye niachieni, maana nikistaafu nataka funguo za karakana ziwe kwake." Akaketi. Daktari mkuu alimtazama mzee, kisha mfuko, kisha akavuta karatasi ya ajira akaitia saini. Aliagiza pia kwamba kuanzia Jumatatu hakuna rejuleta itakayotoka bila kitambaa chake cheupe.

Mama Pindo akatoka mlangoni kama aliyebebwa. Na hapo kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, alikuwa amekaa mama yake. Kando yake kuna vipande mia vyeupe, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimefungwa kumikumi. Ngoja Kwanza aliyekuwa nyuma akachukua kimoja, akakitikisa, hakuna hata uzi ulioanguka.

"Shikamoo, mama," akasema kwa heshima.

"Marahaba. Suruali yako mguu wa kushoto imeshuka, baba."

Mzee akainama kutazama. Mama alikuwa amekwisha kumgeukia binti yake, kiganja wazi. "Kile kikopo changu cha mafuta kiko wapi? Jana nimetia mafuta ya kupikia, cherehani inanilalamikia."

"Umeifunua?"

"Nitashonaje na shuka juu yake?"

"Mama, sasa hujaniuliza hata wamesemaje huko ndani."

"Nimeifunua tangu Jumatano, ulipotoka tu," mama akasema. "Cherehani ni yangu. Wewe una kazi yako."

Mama Pindo akainamia mfuko wake wa kulia. Kisha akakata ule uzi mwekundu kwa meno, akakitoa kikopo, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake. Sista alikuwa anamwita kutoka mwisho wa korido, kuna rejuleta imekaza tena, hajaigusa, amesimama mikono juu. Akachukua vitambaa kumi akaenda.